Kenchi za mabati

Leo nimeshinda kwenye godauni moja karibu na Barabara ya Nyerere, pamoja na vijana wa sarakasi wanaotafuta pa kufanyia mazoezi. Wamezoea kujirusha ufukweni. Mchanga unapokea vizuri anayeanguka, lakini ufukweni hakuna pa kufungia kitambaa kirefu cha kuning'inia na kuchezea hewani, nao sasa wanataka kupaa.

Tulipoingia tu, wote walitazama juu. Mita nane! Mmoja akaanza kufungua begi. Nikamwambia, "Mdogo wangu, subiri kwanza."

Nikapanda ngazi ya fundi. Vyuma vyembamba, vimechomelewa hapa na pale, na kwenye kiungo kimoja kutu inabanduka kama maganda ya kitunguu. Kenchi zile, yaani fremu zinazoshikilia paa, ziliwekwa zibebe mabati na kuhimili upepo, basi. Mtu wa kilo 60 akijiachia kutoka juu, pale kitambaa kinapomdaka ghafla, paa huvutwa kwa nguvu mara tatu, nne, hata zaidi ya uzito wake. Ni sawa na watu wanne kuning'inia kwenye ndoano moja kwa kufumba na kufumbua.

Halafu joto. Ilikuwa saa saba mchana, na chini ya bati viganja vyangu vililowa mara moja. Anayeshikilia kitambaa kwa kiganja cha jasho yuko hatarini, kwa hiyo hewa ya moto itabidi itokee kwenye kilele cha paa.

Majengo ya zamani yanaweza kufaa, sikatai. Nairobi, iliyokuwa sinema ya Shan pale Ngara ndiyo leo Sarakasi Dome. London, chuo cha sarakasi kiko ndani ya kituo cha umeme cha mwaka 1896; kumbi ndefu zilizochomea taka na kufua umeme ndizo wanamofanyia mazoezi. Ila urefu wa ukumbi ni jambo moja, nguvu ya paa ni jingine.

Nimewachorea fremu ya chuma inayosimama ndani ya godauni kwa miguu na msingi wake yenyewe, bila kuliegemea paa. Gharama imewashtua. Nimeona nyuso zao, na imeniuma.

Tukiondoka, yule wa begi aliniuliza, "Dada, jua la jioni litaingia wapi? Nikiwa hewani natazama mikono ya mwenzangu tu."

Usiku huu nimeliondoa dirisha la magharibi kwenye mchoro, jua lisimpige machoni. Kesho naenda kwa mhandisi na mchoro wa fremu.