Gauni la buluu na kipande cha merikani

Niliitega simu iniamshe saa kumi na robo alfajiri. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 3 Machi 2014, lakini kule Los Angeles bado ilikuwa Jumapili jioni, na watu ndio kwanza wanaingia ukumbi wa Dolby. Mimi ni fundi wa nguo, cherehani yangu iko barazani, Kisauni, na kwa kawaida sikeshi kwa ajili ya sherehe ya mtu. Lakini mwaka ule binti yetu, Lupita Nyong'o, alikuwa anawania Oscar, na hiyo filamu ya 12 Years a Slave nilikuwa nimeiona mara mbili kwenye kompyuta ya binamu yangu. Usingizi ungetoka wapi?

Tuzo ya kwanza iliniuma. Ilikuwa ya mwigizaji msaidizi wa kiume, na mmoja wa wale watano alikuwa Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu, aliyekuwa akiendesha gari la kukodiwa huko Minneapolis kabla ya kuigiza kiongozi wa maharamia katika Captain Phillips. Kisa kile sisi wa Mombasa hatukukijulia kwenye sinema. Aprili 2009 meli ya Maersk Alabama ilitekwa ikiwa njiani kuja kwetu, na ni kwetu ilikokuja kutia nanga, mabaharia wakashuka salama huku nahodha wao akiwa bado mikononi mwa maharamia. Waingereza walikuwa wameshampa Barkhad BAFTA yao mwezi uliotangulia. Nilitaraji Wamarekani nao wampe. Walimpa Jared Leto.

Ya pili ikawa ya mavazi, na hapa niombe radhi, nitakaa kidogo, maana ndiyo kazi yangu.

Mavazi ya 12 Years a Slave yaliongozwa na Patricia Norris, mama wa zaidi ya miaka 80. Ilikuwa mara yake ya sita kuteuliwa, na hakuwahi kushinda hata mara moja. Kabla ya kutengeneza nguo za watumwa alichukua udongo kutoka mashamba yale ya Louisiana, akalinganisha rangi ya nguo na rangi ya udongo. Niliposoma habari hiyo niliacha kazi mkononi. Kushona gauni jipya ni kazi, lakini kushona gauni kuukuu, likawa kuukuu kweli, ni kazi zaidi. Ni lazima ujue mwenye kulivaa anafanya nini kutwa. Anayechuma pamba nguo yake haichakai kama ya mpishi. Huanza begani, pale mkanda wa gunia unapokaa, ikafuata pindo linalokwaruzwa na vijiti vya mipamba, kisha kwapani ambapo jasho hula uzi. Tazama tena gauni la Patsey, yule dada aliyeigizwa na Lupita, uone linavyoning'inia mwilini. Mtu alikaa akafikiria kila uzi wa pale.

Tuzo ilikwenda kwa Catherine Martin kwa The Great Gatsby. Nguo za Gatsby zinang'aa na ni nzuri, sikatai. Lakini kwangu mshindi wa usiku ule alikuwa Norris, na mpaka leo nasema hivyo.

Mama alimaliza kuswali alfajiri akaja kukaa nami, tasbihi mkononi. Hafuati mambo ya filamu, alitaka tu kumwona huyo Mkenya. Tukasubiri. Zikapita katuni, zikapita za sauti, na nje kulikuwa kunaanza kupambazuka Christoph Waltz alipopanda jukwaani na bahasha, akaifungua, akalitaja jina.

Nilipiga kelele jirani akagonga ukuta.

Kisha Lupita akasimama, na nikaliona gauni. La Prada, buluu hafifu ya mbingu, rangi ambayo mwenyewe alisema inamkumbusha Nairobi. Kifua kimekatwa chini sana, na kuanzia kiunoni ni marinda, marinda membamba mno, yaliyofumba alipokuwa amesimama na kufunguka yote kwa pamoja alipopanda ngazi. Marinda ya namna hiyo hayaendi ovyo. Likikosea moja juu, chini litakuumbua.

Akalia, akazungumza. Watu wote wanakumbuka alichosema mwishoni, kwamba hata utoke wapi, ndoto zako ni halali. Wiki ile ilikuwa redioni, shuleni, kila mahali, na sina ugomvi nayo. Lakini neno lake la mwanzo ndilo lililonikaa mimi. Alisema hasahau hata kidogo kwamba furaha kubwa aliyo nayo imetokana na uchungu mkubwa wa mtu mwingine. Akaisalimu roho ya Patsey, akamshukuru Solomon Northup, mtumwa mwenzake Patsey aliyeandika kitabu kilichozaa filamu hiyo, kwa kukieleza kisa cha Patsey na chake.

"Mbona yuwalia, na ashapawa?" mama akauliza.

Nikamtafsiria.

"Huyo Patsey ni nani wake?"

"Si wa kwao, mama. Alikuwa mtumwa Marekani, akichuma pamba. Zamani sana."

Mama akavuta tasbihi kidogo. "Basi afanya vyema kumtaja."

Sisi hatuhitaji kufundishwa utumwa ni nini. Matatu zetu zote zinapita Kengeleni, na kengele yenyewe ipo pale barabarani, ya Frere Town, walikowekwa watumwa waliokombolewa baharini miaka ya 1870. Lakini nilikuwa na jambo jingine kichwani, la kitambaa.

Patsey, kwa maelezo ya Northup, alikuwa akichuma ratili 500 za pamba kwa siku, yaani zaidi ya kilo 220. Hiyo ni miaka ya 1840 na mwanzo wa 1850. Pamba ya kusini ilipelekwa viwandani Massachusetts ikafumwa, na wafanyabiashara wa Salem wakapakia majora melini wakayaleta Unguja na pwani hii yote. Ndiyo maana kitambaa hicho cha pamba tunakiita merikani. Na waliovikwa merikani huku, pamoja na kaniki, walikuwa nani? Watumwa wetu. Mtumwa wa kule kaichuma, mtumwa wa huku kaivaa. Nimekata merikani tangu nilipojifunza kushika mkasi, na sikuwahi kuliwaza hilo mpaka asubuhi ile, Lupita akiwa analia kwenye televisheni.

Yaliyobaki niliyatazama nusu nusu: Ellen, mwendesha sherehe, akigawa pitsa, John Travolta akiliharibu jina la mwimbaji Idina Menzel. Mwishoni filamu ya Lupita ikatwaa tuzo kubwa, mwongozaji wake Steve McQueen akarukaruka jukwaani kama mtoto. Ilikuwa inakaribia saa mbili asubuhi, na mlango wangu wa baraza ulikuwa bado umefungwa.

Kabla ya adhuhuri akaja mteja wa kwanza wa gauni la buluu, picha kwenye simu. Alilitaka la kuvaa kwenye kupamba kwa dada yake. Nikamweleza kwamba pamba haishiki marinda, ukiketi mara moja yameshafunguka, atafute poliesta nyepesi, na kifua tutakipandisha. Akakubali yote. Baada ya yeye kulikuja wengine wanne wiki ile.

Gauni gumu kama lile sikati kitambaa cha mtu moja kwa moja. Nakata kwanza la majaribio, kwa merikani. Nikatandika kipande mezani na kukinyoosha kwa kiganja. Merikani isiyopaushwa ina vidoadoa vyeusi, vipande vya ganda la mbegu ya pamba vilivyopita kiwandani bila kuondoka. Vinakwaruza ukipitisha mkono. Nikakipata kimoja karibu na upindo, nikakidonoa kwa ukucha, kikatoka.