Jinsi nilivyotengeneza upya marumaru ya baraza yangu

Baraza ya nyumba yangu hapa Chumbageni, Tanga, niliitandika marumaru nyeupe kwa mikono yangu mwenyewe, na haikupita miezi miwili vigae vinne vya karibu na mlango vikaanza kulia kama debe tupu kila vilipokanyagwa, huku ukungu mweupe wa chumvi ukichomoza kwenye viungo. Nikaongeza kosa juu ya kosa: niliusugua ukungu ule kwa maji ya ndimu, nikasahau kwamba marumaru ni jamii ya chokaa na tindikali huila, hivyo mng'aro ukafifia palepale.

Jirani yangu, fundi mstaafu, aligonga kwa mpini wa nyundo, akasikiliza, akasema, "Mwanangu, hapa chini hamna kitu." Nilipong'oa kigae cha kwanza nilikuta mabonge matano ya saruji, moja kila pembe na moja katikati, na baina yake uwazi mtupu, mchanga nao ulikuwa wa pwani, tena haukuoshwa.

Nilikwangua sakafu, nikaiosha kwa maji baridi, nikaiacha ikauke. Kisha nilitandaza gundi nyeupe ya vigae, maana ya kijivu huweza kuacha vivuli ndani ya jiwe jeupe, nikaichana kwa mwiko wa meno, nikapaka na mgongo wa kila kigae na kuacha nafasi ya milimita 3. Kimoja nilikinyanyua makusudi: gundi ilikuwa imeshika mgongo wote. Kwa saa 24 hakukanyaga mtu, isipokuwa paka. Alama ya ndimu bado inasubiri mashine ya kung'arisha.