Landrova Yenye Milia na Simba Nisiyeruhusiwa Kumpokea

Jumapili iliyopita nilifundishwa Kiswahili. Ilikuwa katika ukumbi mmoja hapa Swansea, kusini mwa Wales, ambako wakusanyaji wa vigari vya zamani vya kuchezea hukutana kuuziana na kutambiana. Muuzaji mmoja mwenye umri wa baba yangu alinyanyua boksi lililochakaa, akaweka kidole chini ya neno lililoandikwa kwa herufi kubwa, kisha akanieleza polepole na kwa sauti ya juu, kama mtu anayezungumza na kiziwi, kwamba "Daktari" ni neno la Kiafrika lenye maana ya tabibu. Nilimjibu kwamba ninalifahamu. Akaniuliza nimelijuaje. Mimi ni mtu wa Tanga, na ningeweza kumweleza kwamba asili ya neno hilo ni kwao, sisi tumelivalisha kanzu tu, lakini nilimeza mate nikauliza bei.

Boksi tupu aliliuza kwa bei kubwa kuliko gari lenyewe, na huku jambo hilo halimshangazi mtu. Gari lilikuwa pembeni, bila watu wake na bila simba wake, kwa pauni 40. Nilipomwomba apunguze alitikisa kichwa bila hata kunitazama, na muda mfupi baadaye nilimsikia akimpunguzia pauni 10 jamaa aliyechukua Batmobile (gari la Batman) iliyopotelewa na roketi zake zote. Anayelijua soko la Ngamiani anaelewa kwamba kunyimwa punguzo si kitu. Kinachouma ni kunyimwa maneno ya kupatana. Hata hivyo nilinunua. Pauni 40 ni zaidi ya saa tatu za kazi yangu ya kuhudumia wazee, yaani kumwogesha mtu, kumvisha na kumlisha, kabla ya kukatwa kodi, na sitaibadilisha kwa shilingi hapa kwa sababu dada zangu wanasoma.

Nilichonunua ni Landrova 109 ya Corgi, chapa ya vigari vya kuchezea, inayoenea kiganjani, ya chuma cha zinki kilichomiminwa kwenye kalibu, iliyotengenezwa kwa ajili ya mchezo wa televisheni wa Marekani ulioitwa Daktari. Mchezo huo ulionyeshwa na CBS kuanzia 1966 hadi 1969, ukihusu tabibu wa wanyama anayeishi Afrika Mashariki na binti yake, sokwe aitwaye Judy, na simba mwenye makengeza aitwaye Clarence. Afrika Mashariki yenyewe ilikuwa ranchi ya wanyama huko California. Kituo cha tabibu huyo kiliitwa Wameru, jina ambalo Wameru wa Arusha na Wameru wa Kenya wangeweza kuligombania mahakamani kama wangepata habari. Mimi sikuuona mchezo huo utotoni, kwa kuwa Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994. Ndugu zetu wa Zanzibar walitutangulia kwa miaka mingi na hawajaacha kutukumbusha. Magari yangu yalikuwa ya waya na makopo ya mafuta, na magurudumu nilikata kwenye ndala za mama ambazo, kwa maoni yake, zilikuwa bado nzima.

Linalonikera zaidi ni milia. Landrova hii ni ya kijani, nayo imechorwa milia myeusi ya pundamilia kama gari la maonyesho. Nimepanda Landrova 109 kutoka Muheza hadi Amani, miguu ikiwa juu ya magunia ya iliki na shavu likiwa limebanwa kwenye turubai, na katika safari zote hizo sikuona dereva aliyewaza kuipaka milia. Alichowaza ni breki. Lakini nikiwa peke yangu chumbani hulitoa gari hili chini ya taa, nikatazama pembe za boneti ambako rangi imetoka na chuma cha kijivu kinaonekana, na hasira hupungua, maana chini yake pameandikwa kwamba limetengenezwa Uingereza, na kwa Corgi wa miaka hiyo maana yake ni kiwanda cha Fforestfach, hapa hapa Swansea, mwendo mfupi wa basi kutoka ninapolala.

Hapo ndipo ninapojivuna, ingawa fahari yenyewe ni ya kuazima. Kampuni iliyotengeneza Corgi, Mettoy, ilianzishwa Northampton mwaka 1933 na Philipp Ullmann, Myahudi aliyekuwa na kiwanda cha vitu vya kuchezea Nuremberg kabla ya kuwakimbia Manazi. Kwa maneno mengine, vigari ambavyo wazee wa hapa huvishika kama urithi wa taifa lao vilianzishwa na mgeni aliyefika akitafuta pa kulala. Mwaka 1956 kampuni hiyo ilitoa Corgi vyenye vioo vya plastiki madirishani, jambo ambalo washindani wao, Dinky wa Liverpool, walikuwa hawajalifanya, kisha ikageukia televisheni: Volvo nyeupe ya mchezo wa The Saint, na mwaka 1966 Batmobile yenye roketi 12 za akiba na kimoto cha plastiki kinachoingia na kutoka nyuma gari linaposukumwa. Dinky nao walijibu kwa Rolls-Royce ya rangi ya waridi ya mchezo wa Thunderbirds, yenye magurudumu sita. Dinky walifunga kiwanda mwaka 1979, Mettoy wakafilisika mwaka 1983.

Kwa wanaoniandikia kila wiki kuuliza njia ya kuja kufanya kazi ya kuhudumia wazee: mlango huo ulifungwa tarehe 22 Julai 2025 kwa waombaji wapya walio nje ya Uingereza, kwa hiyo anayekuuzia barua ya udhamini leo anakuuzia karatasi. Na utakayebahatika kufika kwa njia nyingine, ukishatoa kodi ya nyumba, gesi na pesa ya nyumbani, bakiza chochote kwa jambo lisilo na faida. Mimi nilianza na vigari kwa sababu ya Januari moja ambayo sikuongea na mtu yeyote nje ya kazi kwa siku tisa.

Sasa nimalizie la bibi. Alhamisi huanza zamu kwa bibi mmoja ambaye kanuni za kazi haziniruhusu kumtaja, na juzi nilimwonyesha Landrova yangu nikisubiri chai ipoe. Hakuuliza ni nini. Aliigeuza chini juu, akapitisha ukucha kwenye ribiti, akakandamiza magurudumu kwa kidole gumba kuona kama springi bado zinarudi, kisha akasema kwamba milia ile ilikuwa ikimuumiza kichwa. Alifanya kazi Fforestfach kabla ya kuolewa, kwenye meza ya kupachika vioo na viti. Aliuliza nimenunua kwa kiasi gani. Nilipomtajia alicheka hadi akakohoa, akasema enzi zile hiyo ilikuwa mishahara yake ya wiki kadhaa. Baadaye aliniagiza kopo la vifungo, akachakura humo, akatoa simba wa plastiki na kunikabidhi. Alikuwa Clarence.

Sisi wahudumu tumekatazwa kupokea zawadi. Kwetu mkono wa mzee haurudishwi, na ukikataa cha bibi umekataa dua yake, kwa hiyo nilimrudishia kwa mikono miwili huku nimepiga goti, nikiwa sina namna nyingine ya kumweleza. Yeye alidhani nimedondosha kitu. Ofisini niliambiwa nijaze fomu, na katika fomu kuna mstari wa thamani ya zawadi, ambao mpaka leo sijui niandike nini. Fomu iko kwenye begi. Simba amebaki dirishani kwa bibi, mali yake halali, nami Alhamisi hii nilibeba tena Landrova kwenye mfuko wa koti. Birika lilipoanza kulia, bibi alimpandisha simba juu ya boneti, akaisukuma mezani hadi kwenye kikombe changu, akanikumbusha kwamba nilipunjwa.