Tone moja la damu

Ndiyo tumerudi kutoka zahanati, mimi na mwanangu. Alichemka usiku kucha.

Dada wa maabara akamtoboa kidole kumpima malaria. Mtoto akalia kidogo, kisha akanyamaza, akalikodolea macho lile tone la damu kama si lake.

Nami nikalitazama.

Nikaikumbuka Dar es Salaam ya 1901, mji huu huu. Madaktari wa Kijerumani walipita nyumba kwa nyumba wakichukua damu za watu na kuzipima kwa hadubini. Aliyekutwa na vimelea vya malaria alipewa kwinini, dawa ya malaria ya enzi hizo, hata kama hajisikii mgonjwa. Mbinu ilikuwa ya Robert Koch, mwanasayansi wa Kijerumani: maliza vimelea ndani ya watu, mbu wakose cha kubeba.

Malaria haikwisha. Watu waliingia na kutoka mjini kila siku, na kwinini yenyewe ni chungu, tena masikio yanavuma.

Lakini mawazo yangu yalikuwa kwa mama wa wakati ule. Amesimama mlangoni, mgeni ameshika mkono wa mwanawe, ana sindano. Mimi dada alinieleza kila hatua, akamwita mwanangu kwa jina. Yule mama, nani alimweleza?

Dakika 15 za kusubiri majibu zilikuwa ndefu jamani.

Kipimo kikaonyesha mstari mmoja tu. Hana malaria. Nilimkumbatia mpaka akasema, "Mama, unanibana."

Kwenu kuna bibi au babu aliyewahi kusimulia enzi za kwinini? Niandikieni hapa, nitasoma zote huku namkanda huyu.