Namna Nilivyoifikia Injini ya Gari Langu la Kulalia Bila Kubomoa Jiko

Toyota HiAce ya umbo lililoanza kutengenezwa mwaka 1989, ileile ambayo Kampala tunaiita kamunye inapobeba abiria 14, haina injini mbele ya dereva. Injini imekaa chini ya viti vya mbele. Ili kuiona, unafungua vibanio vilivyo ukingoni mwa kiti, kisha unakilaza kiti kwa nyuma. Gari langu nililinunua likiwa tayari limewekwa kitanda na jiko, na aliyelitengeneza alisimamisha kabati la jiko nyuma ya viti hivyo, kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Kiti kilinyanyuka kiasi cha kiganja tu, kikagota kwenye mbao.

Ushauri nilioupata bado unaniudhi. Makanika mmoja alishikilia kwamba kazi zote zinawezekana kutokea chini, gari likiwa juu ya shimo. Kumwaga oili, sawa. Lakini kifuniko cha valvu na injekta, vilivyo juu ya injini, vitafikiwaje kutokea chini? Mwingine alitaka kulikata bati lililoshikilia kiti, jambo nililolikataa papo hapo, kwa sababu bati hilo ndilo linalomweka abiria mahali pake gari likigonga. Wa tatu alisema, "Mzee, kabati ni skrubu tu. Ukihitaji injini, unalifungua."

Ushauri huo wa tatu ulipata mtihani wake Lukaya. Tulikuwa tumeshapita mstari wa Ikweta pale Kayabwe, tukielekea Masaka, mshale wa joto ukapanda na mvuke ukatokeza chini ya kiti: mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umepasuka penye klempu. Kuukata mpira huo pale ulipopasuka na kuufunga upya ni kazi ya muda mfupi mno. Kulifungua jiko kulimaliza asubuhi nzima. Sufuria na sahani zilipangwa kando ya barabara, bomba la sinki likachomolewa, mtungi wa gesi ukashushwa, na skrubu zilizosagika vichwa zikawa haziishiki bisibisi hata kidogo. Mama mmoja aliyekuwa akiuza gonja na kuku wa kuchoma alinipa kopo lake: "Mzee wangu, weka skrubu zako humu, zisipotelee mchangani." Nilimshukuru sana, maana hakuna iliyopotea, hata hivyo, tulipolirudisha kabati, nyingi hazikukaza tena kwa kuwa matundu ya plaiwudi yalikuwa yamekwisha kupanuka, na jiko likatetemeka njia nzima hadi Mbarara.

Niliporudi Kampala nilikwenda kwa seremala mmoja mtaani Ndeeba nikiwa na wazo langu mwenyewe, ambalo ninajivunia. Tuliliondoa kabati, tukasimamisha kipande kikubwa cha boksi ubavuni mwa kiti, nikakilaza kiti polepole huku seremala akifuata ncha ya mgongo wa kiti kwa penseli. Ulitokea mchoro wa upinde, na hapo ikawa wazi kwamba kiti hakihitaji nafasi yote ya nyuma, bali ile tu iliyo ndani ya upinde huo. Sehemu ya chini ya kabati ikakatwa mshazari kuufuata. Sehemu ya juu ikatiwa bawaba ndefu ili ilale kitandani, na makomeo mawili ya kuizuia gari linapotembea. Mbao, bawaba na ufundi viligharimu laki mbili na ushee. Sasa nafungua makomeo, nalaza ubao, nalaza kiti, na injini yote iko wazi mbele yangu.

Yeyote atakayefanya hivi asiusahau mpira unaozunguka kifuniko cha injini. Wangu ulikuwa umekauka na kukatika, na katika gari ambalo watu hulala ndani yake, moshi unaopenya hapo ni hatari kubwa, kwa kuwa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo katika moshi huo, haina harufu. Niliweka mpira mpya na kubandika kitambaa cha kuzuia joto chini ya kifuniko. Injini haiwashwi kabisa watu wakiwa wamelala, hata kama betri inahitaji chaji.

Bomba la gesi nalo lisipitishwe kwenye sehemu inayokunjwa. Langu limefungwa kwenye sehemu ya chini isiyosogea, na mtungi nimeuhamishia nyuma kabisa, mbali na joto la injini.