Marafiki wamehama, saa sita tunakutana

Wale walioniambia "Yesu ndiye rafiki wa kweli, hao wengine ni wa kupita tu," naomba wafungue Timotheo wa Pili, sura ya nne. Paulo yuko kifungoni, anamwandikia kijana wake: Dema kaniacha, Kreske kaenda Galatia, Tito Dalmatia, niliye naye ni Luka tu. Halafu anamsihi aje upesi, kabla ya baridi, amchukulie na joho lake aliloliacha Troa. Mtume mzima, na imani yote ile, bado anataka mtu. Sembuse mimi, fundi cherehani wa Ngamiani, hapa Tanga?

Tulikuwa wanne kwenye kwaya, wote sauti ya pili. Mmoja akaolewa Mwanza. Mwingine mwalimu, akapata uhamisho Songea. Wa tatu akamfuata mumewe Dodoma. Benchi letu tukabaki mimi na mkoba wangu.

Wa Dodoma ndiye aliyekuja na wazo, na lilisikika la kitakatifu kabisa: Rozari, ile sala yetu Wakatoliki ya kuhesabu kwa shanga, tuisali kwa simu, wote hewani, saa kumi na moja alfajiri. Jamani! Sauti zilikuwa zinachelewa, kwa hiyo mimi nipo "Salamu Maria, umejaa neema," Songea ameshafika "utuombee sisi wakosefu," na Mwanza hatusikii sala, tunasikia jogoo. Ijumaa moja, katikati ya mafumbo ya uchungu, yale ya mateso ya Yesu, likaingia sauti la kiume, zito la usingizi: "Nani huyo unaongea naye saa hizi?" Mume wa mmoja wetu, sisemi yupi. Kimya. Kisha mtu akacheka puani, kicheko kikatuambukiza, na kabla hatujatulia bando langu likakata. Tulijilazimisha wiki kadhaa zaidi kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema ibada imekufa. Hela iliyokwenda huko ingenunua kitambaa cha gauni, na kingebaki.

Dawa ilikuwa karibu muda wote: Malaika wa Bwana. Ile sala ya asubuhi, saa sita mchana na jioni, ambayo kipindi cha Pasaka hupisha sala ya Malkia wa Mbingu. Ni fupi, Salamu Maria zake tatu tu. Tukaiachia simu kazi ya kengele. Ikifika saa sita kamili kila mtu anasali hapo alipo, akimaliza anataja wenzake kwa majina, na shida moja ya kila mmoja. Shida zinatumwa Jumapili jioni kwa ujumbe wa mstari mmoja. "Mtoto anaota meno." "Mkuu wa shule." Hiyo ya pili haikuhitaji ufafanuzi, na ufafanuzi ndio tulioupiga marufuku, maana ukianza kueleza, sala inageuka umbeya. Umbeya una saa yake.

Mteja akinikuta wakati huo atasubiri. Mmoja alidhani nahesabu sentimita za kiuno chake. Jirani yangu muuza kahawa, mzee wa Kiislamu, sikuwahi kumweleza kitu, lakini alishashika mwenyewe. Nikizama kwenye kazi ananigongea kikombe: "Binti, saa yako hiyo. Yangu bado." Adhana ya adhuhuri hufuata baadaye kidogo.

Kitu kingine nilichokuwa sikithamini: masomo ya Misa ya Jumapili ni yale yale, Tanga, Songea, popote. Basi nikitoka kanisani nakuta swali, "Padri wenu kasemaje kuhusu yule kaka mkubwa wa mwana mpotevu?" Wa kwetu alimsema sana. Wa Songea alimtetea. Tulibishana mpaka usiku.

Sidanganyi mtu, nawakumbuka bado, na sikukuu ndiyo mbaya zaidi. Ila nimeacha kuwapigia simu kuwauliza kwa nini hawanipigii, tabia iliyokuwa inanichosha mimi kuliko wao. Saa sita najua wananitaja. Na ukimwombea mtu meno ya mwanawe kila siku, ukisikia yametoka unafurahi kama uliyazaa wewe.

Wa Dodoma sasa ameleta hoja mpya: novena, sala ya siku tisa mfululizo, kwa simu ya video. Hatujamjibu.