Sharaf DG mbili: nilivyoijua metro ya Dubai

Kaka yule alinitakia mema, hilo silikatai. Ni mtu wa kwetu Tanga, amekaa Dubai zaidi ya miaka kumi, na ndiye aliyekuja kunipokea uwanja wa ndege nilipofika mwanzoni mwa 2022. Usiku wa kuamkia usaili wangu wa kwanza alinipigia simu. "Dada, mbona rahisi? Panda metro, shuka Sharaf DG. Ukitoka tu, hoteli unaiona, upande wa Barsha." Nikamshukuru, nikapiga pasi blauzi, nikalala.

Ila kaka yule ana gari. Hajapanda metro miaka na miaka. Hilo nililifahamu baadaye, nikiwa nimeshalowa jasho.

Nilikuwa nakaa Abu Hail, upande wa Deira, kitanda cha kukodi katika chumba cha wanawake sita. Asubuhi nikafika stesheni, nikasimama mbele ya ramani na kuitafuta Sharaf DG. Hii hapa! Tena iko kwenye laini ileile ya kijani, hakuna hata kubadilisha treni. Usaili ulikuwa saa nne, na hadi saa tatu kasorobo nilikuwa nimeshashuka, napanda ngazi za umeme kwenda juu kwa raha zangu.

Nilipotoka nje nikajikuta katikati ya maduka ya vitambaa na simu. Hapo ni Bur Dubai, mji wa zamani, mitaa myembamba iliyojaa watu. Hoteli yangu haipo. Nikazunguka jengo, nikavuka barabara, nikarudi. Niliowauliza Barsha iko wapi walininyooshea mkono mbali kabisa, kila mtu upande wake. Ilikuwa mwezi wa tano, na jua la huko mwezi wa tano halina huruma. Nikampigia kaka, hapokei, yuko kazini. Nikampigia mwenzangu wa chumbani, nikawa naongea Kiswahili kwa sauti ya mtu anayekaribia kulia.

Mlinzi wa jengo moja akanisikia, akanisogelea. "Dada, salama? Unatafuta wapi?" Mkenya, mtu wa Bungoma. Nikamweleza. Akatikisa kichwa, akanijibu kwa utaratibu kama anayemweleza mtoto njia ya shule: "Hii hapa ilikuwa ikiitwa Al Fahidi. Sharaf DG ya zamani iko Barsha, laini nyekundu, na siku hizi inaitwa Mashreq. Jina limehama, stesheni imebaki palepale."

Ndivyo ilivyo. Majina ya stesheni nyingi yanauzwa kwa makampuni, na mkataba ukibadilika, ubao nao unabadilika. Rashidiya ya wazee wa mji siku hizi ni Centrepoint. Al Jafiliya ikawa Max. Nakheel ikawa Al Khail. Mtu aliyekuja Dubai miaka mingi nyuma atakutajia majina ambayo hutayaona popote, au, mbaya zaidi, kama langu, utayaona mahali pengine kabisa. Hata hiyo Mashreq nayo mwaka 2025 ilibadilishwa, ikaitwa InsuranceMarket. Kwa hiyo ukielekezwa njia, omba jina la mtaa na la jengo, kisha uitafute stesheni mwenyewe kwenye ramani ya siku hiyo. Usimeze jina la stesheni kutoka mdomoni mwa mtu mwenye gari.

Mlinzi akaniambia nirudi chini, nipande kijani stesheni moja tu hadi BurJuman, nibadilishe niingie nyekundu, nisishuke mpaka nipite Mall of the Emirates. Nilifika dakika kumi na mbili nimechelewa, nikaomba radhi, nikasubirishwa hadi adhuhuri. Kazi nikaipata. Mpaka leo nikipita BurJuman namwombea dua yule kaka wa Bungoma.

Sasa kadi ya kulipia metro, maana hapo napo nilipotoshwa. Mwenzangu wa chumbani alinishauri nichukue tiketi nyekundu ya karatasi, eti ni dirham 2 tu. Kweli ni 2, lakini hizo ni bei ya karatasi yenyewe. Nauli unalipa juu yake, na kila safari inazidi ile ya kadi ya fedha, yaani ile ya plastiki inayoitwa Silver. Halafu huwezi kuitumia tiketi hiyohiyo kwenye metro kisha kwenye basi. Kadi ya fedha niliinunua kwa dirham 25, ndani yake mlikuwa na 19 za kusafiria, na kuanzia hapo ni kuongeza salio tu. Kadi hizi zinaitwa Nol. Nilipoambiwa maana yake nilifurahi peke yangu: ni Kiarabu, na ni neno lilelile letu, nauli, lililotufikia pwani na majahazi. Tangu siku hiyo siiiti Nol. Naiita nauli, na wenzangu wa chumbani wote, Waganda na Wafilipino, wanaiita nauli.

Kutoka Deira hadi Barsha unapita kanda za nauli zaidi ya mbili, basi ni dirham 7.5 kwa safari moja, karibu 15 kwa siku. Pasi ya mwezi ni kama 350. Mimi niliichukua kwa sababu siku ya mapumziko napenda kutembea. Asiyetembea apige hesabu zake kwanza.

Sasa kiti. Nasafisha vyumba vya hoteli, nasimama na kuinama kutwa nzima, kwa hiyo kukaa dakika arobaini asubuhi kwangu si anasa. Kila mtu aliniambia: wewe mwanamke, panda behewa la wanawake na watoto, utakaa. Behewa hilo lipo mwisho mmoja wa treni, jirani na lile la Gold, la daraja la juu, limewekewa mstari wa waridi sakafuni, na mwanamume akiingia anapigwa faini ya dirham 100. Ni kweli humo husukumwi wala hubanwi na mtu asiyekuhusu, na kwa hilo nalishukuru sana. Kiti ni habari nyingine. Treni nyekundu inatokea Centrepoint, na ikifika Union, ninapoingilia mimi, viti vyote vina watu. Wiki tatu nilisimama mpaka Barsha.

Wiki ya nne nikaanza kusoma sare. Hapa nitaeleza kwa kirefu kwa sababu hakuna aliyenifundisha, nimeligundua kwa macho yangu mwenyewe na najivunia.

Ukiingia Union, usisimame mlangoni. Ingia ndani, tazama waliokaa. Ukimwona nesi, viatu vyeupe na kitambulisho kifuani, simama mbele yake mara moja. Mara nyingi atashuka BurJuman, stesheni inayofuata, kwenda kupanda kijani cha kuelekea hospitali za Healthcare City. Ndani ya dakika chache umekaa. Hakuna nesi? Tafuta mwanadada wa suti aliyebeba viatu vya kisigino kwenye mfuko na kuvaa raba: huyo ni World Trade Centre, Emirates Towers au Financial Centre. Wasichana wa madukani, nguo nyeusi tupu, nywele zimefungwa nyuma, midomo imepakwa rangi tangu alfajiri, hao wanashuka Burj Khalifa/Dubai Mall. Hapo umeshasimama kidogo, lakini bado una safari ya kufaidi. Usimsogelee aliyelala amekumbatia mkoba, wala mwenye viatu vya kazi vya chuma na chombo cha chakula cha ghorofa tatu. Hao wanakwenda Jabal Ali na mbele yake, utasimama hadi unashuka wewe na kuwaacha wamekaa.

Mwezi mmoja wa kusoma hivyo na ikawa nadra mimi kupita Financial Centre nimesimama. Nilimfundisha dada mmoja Mganda wa chumbani kwetu. Yeye sasa ananishinda, anawatambua hadi kwa mkoba.

Na ukishakaa, tazama nje. Deira treni inapita chini ya ardhi, huoni kitu ila sura yako kwenye kioo. Baada ya BurJuman inapanda, mwanga unaingia ghafla, na mara uko juu ya mji, unakwenda sambamba na barabara ya Sheikh Zayed huku magari yamesongamana chini yako. Stesheni za juu zimejengwa kwa umbo la chaza, kwa kumbukumbu ya wazamia lulu wa zamani wa huko. Mbele yako linakuja Burj Khalifa, mita 828, na treni haina dereva kabisa, inajiendesha tangu laini nyekundu ilipofunguliwa tarehe 9 Septemba 2009. Kwa kuwa hakuna dereva, ule mwisho usio wa Gold una kioo kikubwa cha mbele ambacho yeyote anaweza kusimama akaiona njia inavyomjia. Siku yangu ya mapumziko nilisimama pale kwa safari nzima. Nilimpigia mama video, akaniambia, "Mwanangu, shika chuma."

Mambo mengine madogo. Usile, usinywe, hata ubani wa kutafuna usiutie mdomoni humo ndani. Ni dirham 100. Chai yangu ya tangawizi inabaki kwenye chupa hadi nivuke geti. Ukisikia mtu anasema ukishuka Burj Khalifa/Dubai Mall uko mlangoni mwa maduka, jua kuna daraja refu la kutembea, lenye kiyoyozi na njia zinazojiendesha, lakini bado ni dakika kumi na zaidi. Stesheni za kando ya Sheikh Zayed zina pande mbili, ya bahari na ya bara, na daraja lake unaweza kulivuka bila kulipa. Wakati wa joto mimi nalitumia hata nisipopanda treni, maana ile barabara haivukiki kwa miguu. Na ukitoka kwenye treni ukaunganisha basi ndani ya dakika 30, inahesabiwa safari moja, ila ni lazima uguse kadi unaposhuka kwenye basi pia. Mara ya kwanza sikugusa, na salio likakatwa zaidi ya nilivyotarajia.

Kubwa zaidi lililonisumbua lilikuwa Jumapili, na hili hakuna wakala wala mwenyeji aliyenitajia. Siku nyingine metro inaanza saa kumi na moja alfajiri. Jumapili inaanza saa mbili asubuhi. Mimi zamu yangu ilianza saa moja. Jumapili ya kwanza nilifika stesheni alfajiri, geti limefungwa, tukawa pale wanawake watatu tunatazamana. Teksi ilinikata dirham 60 na ushee, karibu mshahara wangu wa siku. Jumapili ya pili nikajaribu mabasi, mawili ya kuunganisha, nikachelewa, nikaandikiwa onyo.

Nikakaa na ratiba ya metro usiku mmoja. Nikaona Ijumaa treni inatembea mpaka saa saba usiku, saa moja zaidi ya siku nyingine, na zamu ya usiku wa Ijumaa pale kazini kila mtu anaikimbia. Nikamfuata msimamizi wetu, mama Mfilipino mkali kweli. Nikamwambia: madam, nipe usiku wa Ijumaa, kila wiki, na sitalalamika, Jumapili niingie saa tatu. Akanitazama, akafungua daftari, akaandika. Tangu siku hiyo sijachelewa Jumapili hata moja, na sijalipa teksi ya kwenda kazini.

Mwezi uliopita gari la kaka liliingia gereji. Akanipigia. "Dada, nikitaka kwenda Rashidiya kwa hiyo metro yenu, nashuka wapi?" Nikamwambia Centrepoint, mwisho wa laini nyekundu, na asinunue tiketi ya karatasi. Nikamsubiri Union, getini, nikiwa na kadi ya pili niliyokuwa nimeshaijaza nauli.